Naivasha mwaka mzima: namna ya kupanga safari ya ziwani ukitokea Nairobi

Ziwa Naivasha liko kama kilomita 90 kutoka Nairobi, lakini wengi wetu wa mjini hulikumbuka mara mbili tu kwa mwaka: wakati wa mbio za magari za Safari Rally na wiki ya Krismasi. Hizo ndizo nyakati mbaya kuliko zote za kwenda. Vyumba vimejaa, bei za mashua zimepanda, na barabara ya kurudi imefunga. Ziwa hili lina cha kukupa kila mwezi, mradi ukubali kwamba majira na saa ndivyo vinavyoamua utafanya nini. Anayetaka mashua saa tisa alasiri, anayeanza kupanda mlima Longonot saa tano, na anayeingia korongo la hifadhi ya Hell's Gate mvua ikinyesha vilimani, wote watatu wamekosea saa, na wa tatu amehatarisha maisha yake.

Mwezi gani, shughuli gani

Januari na Februari ni miezi ya jua kali na vumbi. Ndege wahamiaji waliokuja kutoka Ulaya na Asia kuanzia Oktoba bado wapo, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kuangalia ndege. Longonot nayo hupandika vizuri ukianza mapema, kabla jua halijakuwa kali.

Machi hadi Mei ni masika. Watu hukimbia, na kwa sababu hiyo wenye hoteli na kambi wako tayari kuzungumza bei. Asubuhi nyingi huwa wazi na mvua hushuka alasiri au usiku, basi fanya ya majini na ya matembezi kabla ya saa sita. Korongo la Hell's Gate liondoe kabisa kwenye mpango wa miezi hii.

Juni hadi Agosti kuna baridi na mawingu. Ndiyo miezi bora ya baiskeli na ya kupanda mlima, kwa sababu jua halikuchomi na njia ni kavu. Usiku, hata hivyo, joto laweza kushuka chini ya digrii 10, maana ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Ukija na shuka moja nyembamba utakesha. Septemba ni mwezi wa katikati, wenye joto na watu wachache. Kwa mtu anayechagua mwenyewe siku za likizo, huo ndio wa kuuchukua. Oktoba hadi Disemba mvua za vuli hurudi pamoja na ndege wahamiaji.

Safari Rally imekuwa na makao yake Naivasha tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Ilianza kwa kufanyika Juni, kisha ikahamishiwa Machi. Angalia tarehe za mwaka wenyewe kabla ya kulipia chumba chochote.

Kufika

Kuna njia mbili, na ukikosea njia utapoteza nusu siku. Barabara ya juu hupita Limuru, Kimende na Kinungi. Ya chini huachana nayo Rironi, hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, kisha hupita chini ya Longonot. Kwa anayekwenda mlimani kwa matatu, gari la barabara ya juu halifai: halipiti Longonot kabisa. Muulize kondakta kabla hujaketi, "Hii inapitia Mai Mahiu?" Ukifika kituo cha Longonot, bodaboda itakupeleka hadi lango la hifadhi. Patana naye na safari ya kurudi, uchukue nambari yake.

Matatu za Naivasha hupakia maeneo ya River Road na Nyamakima. Ukitoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, utafika mjini Naivasha kwa saa moja na nusu hadi mbili. Mji wenyewe hauko ufukweni. Panda gari jingine la Kongoni au Kamere linalofuata Barabara ya Moi ya kusini mwa ziwa, kwani vivutio vingi viko upande huo: Karagita, kambi za mahema, njia panda ya Hell's Gate, Elsamere, kisha Oloidien.

Kwa anayeendesha mwenyewe: barabara ya juu hupata ukungu mzito Kimende na Kinale, hasa Juni hadi Agosti alfajiri, na ya chini ina malori mengi na makona makali ya mteremko. Kwenye mteremko tumia gia ndogo. Breki zikishikwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika, na kule hakuna nafasi ya kujaribu tena.

Fungua akaunti ya eCitizen na ulipie kiingilio cha hifadhi za KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) ukiwa bado nyumbani. Malango hayapokei pesa taslimu, mtandao pale unaweza kuwa dhaifu, na ni kawaida kukuta watu wamesimama nje wakihangaika na simu huku jua likipanda. Beba kitambulisho chako halisi ili ulipe kiwango cha raia. Kisiwa cha Crescent, Elsamere na fukwe za watu binafsi hazihusiani na KWS. Hizo hulipiwa papo hapo, na M-Pesa inatosha.

Majini

Asubuhi ziwa hutulia. Kuanzia adhuhuri upepo huamka, na kwa kuwa ziwa halina kina kirefu, mawimbi yake huwa mafupi na ya karibukaribu, yanayopiga mashua ya faiba ubavuni na kulowesha kila kilichomo. Panda mashua kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Picha nazo huwa nzuri zaidi saa hizo.

Kabla ya kupanda, maliza mambo haya ukiwa nchi kavu. Bei ni ya mashua nzima au ya kila mtu? Kwa kawaida ni ya mashua kwa saa, kwa hiyo watu sita wakichanga hulipa kidogo sana kuliko wawili. Saa inaanza kuhesabiwa lini, na muda wa kukungoja Crescent unalipiwa? Kisha jaketi la kuokoa maisha: livae, ufunge vifungo vyote, halafu mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno na litakuvuka ukiwa majini. Mtoto apewe la mtoto. Kama hakuna la saizi yake, msipande mashua hiyo. Hakikisha pia kuna kasia au upondo ndani.

Kasia lina kazi yake. Magugu maji hukaa kwa mafungu makubwa yanayosukumwa na upepo, na njia iliyokuwa wazi ulipotoka yaweza kuwa imezibwa unaporudi. Magugu yakijiviringisha kwenye rafadha, injini huzima. Nahodha mzuri huzunguka fungu la magugu hata kama anapoteza mafuta kidogo. Anayekata katikati ili aokoe dakika tano ndiye anayekwama. Kuna hatari nyingine iliyokuja na kupanda kwa maji: migunga iliyokuwa nchi kavu imekufa ikiwa imesimama majini. Ile unayoiona ni mapambo na viota vya minandi. Visiki vilivyozama ndivyo vinavyopasua mashua, basi mwombe nahodha aende polepole mnapoukaribia ukingo.

Viboko waangaliwe kutoka mbali, mita 50 au zaidi. Kiboko akishtuka hukimbilia maji ya kina, na chochote kilicho kati yake na kina hicho hugongwa. Mashua isikae upande wa kina kirefu wakati wao wako kwenye maji mafupi ya mafunjo. Jike mwenye ndama apewe nafasi mara mbili. Kwa sababu hiyohiyo, usiogelee katika ziwa hili, hata pale ufuo unapoonekana mtulivu.

Manahodha wengi hubeba samaki wa kumtupia furukombe. Hupiga mluzi, hurusha samaki, na ndege hushuka kutoka mtini kumdaka. Weka simu tayari kabla ya mluzi, ielekeze pale samaki atakapoangukia na si kwa ndege, maana tukio lote ni la sekunde chache.

Crescent, na kutembea kati ya wanyama

Crescent ni sehemu ya mdomo wa kasoko ya volkano iliyozama, na maji yaliyokumbatiwa na mkono wake ndiyo yenye kina kirefu kuliko yote ziwani. Hakuna simba wala chui, kwa hiyo unatembea kwa miguu ukiwaona twiga, pundamilia, nyumbu na kuro umbali mfupi tu. Tenga saa mbili. Vaa viatu vilivyofunika vidole kwa sababu ya miba na mashimo, na kaa mbali na ukingo wa maji, kwani viboko hupumzika nchi kavu pia. Twiga usimfuate, simama, na mara nyingi atakuja mwenyewe kula mgunga ulio karibu nawe. Kwa familia yenye watoto wadogo, hapa ni bora kuliko Hell's Gate.

Hell's Gate kwa baiskeli

Hifadhi hii ya kilomita za mraba 68, iliyoanzishwa mwaka 1984, ni mojawapo ya chache nchini ambapo unaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Baiskeli hukodishwa kwenye njia panda ya barabara ya kusini na karibu na lango la Elsa. Usichukue ya kwanza unayosogezewa. Inua gurudumu la mbele na ulizungushe: likiyumba, iache. Bana breki zote mbili huku ukiisukuma mbele, magurudumu yasizunguke. Badilisha gia zote ukiwa unaendesha hatua chache. Kiti kiwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini goti limebaki na mkunjo mdogo tu; kiti kilichoshuka huua magoti kabla hujafika korongoni. Mwishowe omba pampu na viraka, kwani miba ya migunga hutoboa mipira kila siku, na kutoka lango hadi korongo ni kama kilomita 8 za mchanga na vumbi bila fundi njiani. Dhamana iwe pesa, au nakala ya kitambulisho. Kadi yenyewe ibaki nawe.

Ingia mapema. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na mbili jioni, na wanyama huonekana vizuri zaidi kabla ya saa nne. Mnara wa Fischer, jiwe la volkano lenye urefu wa mita 25 hivi, uko karibu na lango. Pimbi hujaa chini yake na hupenda kuiba chakula. Mbele utakutana na pundamilia, swala, ngiri, kongoni, pofu. Nyati ndiye wa kumheshimu. Ukimkuta karibu na njia, shuka, simama mbali, ngoja gari lipite katikati yenu au rudi ulikotoka. Usijaribu kumpita kwa kasi. Katika mchanga ule hutakuwa na kasi.

Sasa korongo lenyewe la Hell's Gate, liitwalo Ol Njorowa. Kuta zake ni ndefu na zimekaribiana, na ndizo uzuri wake na hatari yake. Mvua ikinyesha vilimani, maji yote hukusanywa na kuingia humo kwa mkupuo, hata kama juu ya kichwa chako anga ni jeupe. Watu saba walikufa humo Aprili 2012, na wengine saba Septemba 2019. Itazame hiyo tarehe ya pili: Septemba si masika. Kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi. Muulize askari wa KWS aliye pale juu kama korongo limefunguliwa na kama kumenyesha usiku au asubuhi hiyo, na akisema hapana usitafute wa kukuingiza kwa mlango wa nyuma. Ukiingia, ingia na mwongozaji wa eneo hilo, na kabla ya hatua ya kwanza mwambie akuonyeshe mahali pa kutokea pote. Maji yaliyokuwa maangavu yakiwa ya matope, vijiti na majani yakianza kupita, au ukisikia mngurumo, panda juu mara moja, wala usirudi njia uliyojia. Mifuko iachwe. Chemchemi za mle ndani huunguza, basi usizijaribu kwa mkono.

Anayetaka kuogelea aende bwawa la maji ya mvuke la Olkaria, lililofunguliwa mwaka 2013 karibu na mitambo ya umeme wa jotoardhi. Lipo ndani ya hifadhi, hivyo kuna malipo mawili: ya hifadhi na ya bwawa. Siku za baridi za Julai ndizo zake hasa. Vua bangili na mikufu ya fedha, maana madini ya maji hayo huweza kuitia weusi.

Longonot

Mlima una mita 2,776. Kutoka lango hadi mdomo wa kasoko ni kilomita 3 na kidogo, na kuuzunguka mdomo ni kilomita 7.2. Jumla na kushuka ni kilomita 13 na zaidi, saa nne hadi sita kwa mtu wa kawaida. Hakuna maji juu. Beba lita mbili kwa kila mtu, tatu ikiwa ni Januari au Februari, na chakula chenye chumvi kidogo.

Fika langoni linapofunguliwa. Sehemu ya mwisho kabla ya mdomo ndiyo inayowavunja watu moyo: ni kali, udongo wake ni majivu ya volkano yanayoteleza, na mvua imechimba mifereji mirefu. Weka kanuni hii mapema ili msibishane mkiwa mmechoka: asiyefika mdomoni ndani ya saa mbili asizunguke, apumzike, aangalie msitu ulio ndani ya kasoko, ashuke. Kuzunguka si tambarare hata kidogo, kuna kupanda na kushuka hadi kilele, na hakuna kivuli wala njia ya mkato ya kurudi. Wakati wa mvua uwe umeshuka kabla ya saa saba mchana, kwa kuwa radi ikianza, wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote juu ya ukingo ule. Wengi huumia wakishuka. Kaza kamba za viatu upya mkiwa juu ili vidole visigonge mbele, na piga hatua fupi.

Ufuo wa bure, samaki, na kulala

Sehemu kubwa ya ukingo wa ziwa ni mashamba ya maua, hoteli na makazi ya watu. Fukwe za umma zinazojulikana upande wa kusini ni Karagita na Kamere, na umbo lao hubadilika kadiri maji yanavyopanda na kushuka. Kamere ndiko samaki wanakoshushwa asubuhi. Chagua mwenye macho maangavu na mashavu mekundu ndani, apimwe mbele yako, mpatane bei ya samaki na ya kukaangiwa kwa pamoja. Utapewa ngege au samaki wa kigeni anayeitwa kapi. Kapi ni mtamu na wa bei nafuu, lakini nyama yake imejaa vimiba vidogo vyenye panda, kwa hiyo mtoto mnunulie ngege.

Oloidien, ziwa dogo la pembeni, watu hulifuata kwa ajili ya heroe (flamingo). Maji yanaposhuka hujitenga na ziwa kubwa, huwa ya magadi, na heroe huja. Yakipanda huchanganyika tena, chumvi hupungua, nao huondoka. Piga simu uulize kabla ya kwenda. Mvua ikiwakuta upande huo, Elsamere, nyumba aliyoishi Joy Adamson, mwandishi wa kitabu cha simba Elsa, Born Free, ina makumbusho madogo na chai ya alasiri kwenye bustani yenye mbega.

Ukilala kwenye hema, chagua kambi yenye uzio wa umeme upande wa ziwa, na ulale ndani ya uzio huo. Viboko hutoka usiku kula nyasi na hufuata njia zao zilezile. Usipige hema chini ya mgunga mkubwa, kwani matawi yake hukatika bila upepo, na fagia miba kabla ya kutandika godoro la kujaza hewa. Udongo ni mwepesi, vigingi vifupi hung'oka upepo ukija. Tumia virefu vilivyolala pembeni, au wekea mawe. Tochi iwe mkononi hata kwa kwenda chooni.

Kurudi Nairobi Jumapili, ondoka kabla ya saa nane mchana. Ikipita hapo, magari ya Nakuru, Eldoret na Kisumu yamekwisha kukutana nawe, na kutoka Kinungi hadi Limuru unaweza kumaliza muda mrefu kuliko uliotumia mlimani. Wa matatu wawe steji mapema zaidi, maana ikifika jioni viti huadimika na nauli hupanda. Likizo ndefu ikiisha Jumatatu, lala usiku mmoja zaidi na utoke Jumanne alfajiri.